Jina Nililompa Sifa

Mimi si mwanamke wa kupiga watoto wa watu. Lakini mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa napepeta mchele uani, nilimpiga kofi mtoto wa jirani, mtoto wa miaka kumi, kofi la kusikika mpaka barabarani. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa parseli yetu, kiwanja cha nyumba yetu, na wenzake watatu, wanamwita mjukuu wangu Plamedi: "Redio! Redio, sema!" Na Plamedi, mwenye miaka mitano, ambaye ukimwambia neno anakurudishia neno lile lile, alikuwa anawajibu kwa moyo wake wote, "Redio! Redio, sema!", nao wanacheka mpaka wanashika matumbo. Mama wa yule mtoto akaja mbio. "Mama Feza, umekuwa kichaa? Ni muchezo ya watoto tu!" Nikamwambia aondoke na mchezo wake. Nikamwambia kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayeitwa tena jina ambalo hakupewa na wazazi wake, na kama hakusikia vizuri niko tayari kurudia. "Lakini jina tu," akasema. Jina tu! Nilirudi kwenye ungo, nikamwaga nusu ya mchele chini. Binti yangu Feza, mama yake Plamedi, akaniuliza kuna nini, nikainama kuokota punje. Hakuwa anajua. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu, kwamba nikiwa na miaka kumi na tisa mimi mwenyewe nilimpa mdogo wangu jina la mchezo, na jina lile ndilo lililompoteza.

Siku hizo tulikuwa tunamngoja daktari. Feza alikuwa ametembea na Plamedi mwaka mzima, mlango kwa mlango. Shule ilimkataa. Mwalimu alisema, "Huyu mutoto anarudilia maneno yangu mbele ya darasa, wenzake wanacheka, siwezi kufundisha. Leteni karatasi ya munganga inayosema iko na nini, hapo tutaona." Kwenye kituo cha afya wakampa dawa ya minyoo. Mahali pengine wakampigia makofi nyuma ya masikio, akageuka, wakasema masikio ni mazima, rudini nyumbani. Feza alipotuhadithia habari ya makofi nyuma ya masikio tulikuwa tunakula, mimi nikaacha sahani yangu nikatoka nje, kwa sababu makofi yale ninayajua. Na mama mkwe wa Feza alikuwa ameshatoa neno lake: kama mpaka Jumapili hakuna karatasi, atamchukua mjukuu wake ampeleke kwenye maombi, alale kule siku saba, afunge. Kufunga! Mtoto wa miaka mitano! Nilimwambia ajaribu aone. Hapo ndipo tuliposikia kwamba amekuja daktari wa akili za watoto kutoka Bukavu, na kwamba atakaa Kindu juma moja tu.

Mwaka wangu mimi, ule wa lile jina, ni mwaka ambao treni iliacha kufika. Aliyekuwa Kindu wakati wa vita haulizi ni mwaka gani. Mji ulikuwa umefungwa pande zote, askari wageni ndani, vijana wa msituni nje, na sisi katikati na sufuria zetu. Chumvi ilipotea. Mama alikuwa akichoma majani ya mtoni, anachuja majivu, na maji yale ya kijivu ndiyo tuliyotia kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na ulimi ukakataa kudanganywa. Tulikaa Mikelenge, nyumba ya vyumba viwili, mimi na Mama na mdogo wangu Sifa, aliyekuwa na miaka tisa. Sifa peke yake hakulalamika kwa ajili ya chumvi. Tangu zamani alikula wali mweupe tu, kwenye sahani moja ya bati yenye ukingo wa buluu, na kitu kingine chochote kikigusa ule wali, hata jani moja la sombe, aliisukuma sahani na siku ile ikaishia hapo. Mama alitembea mitaa mizima kutafuta kikombe kimoja cha mchele. Majirani walisema anamlea vibaya. Niliwasikia kupitia ukuta wa udongo, mama wawili wakitwanga: "Watu wanakufa njaa, ule anachagua chakula." "Ule haiko mutoto, dada. Mutoto gani haangalie mutu machoni?"

Ukimwuliza Sifa kitu, alikurudishia swali lako. "Sifa, unataka wali?" "Unataka wali?" "Umeoga?" "Umeoga?" Sauti yako hasa, na kupanda na kushuka kwake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakurudilia. Alikuwa amekulia karibu na stesheni, na bwana mmoja wa stesheni alikuwa na tabia ya kutangaza vituo vikubwa kwa sauti ya kuimba, Kindu, Kibombo, Samba, Kongolo, Kabalo. Ukisema "Kindu" mbele ya Sifa, hakusema "Kindu". Alisema "Kibombo". Ukisema "Samba", alisema "Kongolo". Tulilala kitanda kimoja, na kila jioni, kabla ya usingizi, nilimpa kituo naye akanipa kinachofuata, tukafika Kabalo tukarudi. Nikichelewa kusema, alikirudia kituo chake kwa ukali mpaka nijibu. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu yote, na yalinitosha. Treni ilipoacha kufika aliendelea kwenda kukaa kando ya reli kila asubuhi, mikono juu ya magoti, mpaka Mama amfuate. Nyasi ziliota katikati ya vyuma naye anazitazama.

Sasa niseme lililo langu. Jioni moja ukoko wa wali ulitoweka kwenye sufuria. Nilikuwa na njaa, na njaa iligeuka kuwa hasira. Nikamgeukia Sifa: "Nani amekula ukoko?" "Nani amekula ukoko?" "Nakuuliza wewe!" "Nakuuliza wewe!" Walikuwepo majirani uani, wamekuja kuomba moto. Nikasema, "Jamani, hatuna mdogo hapa, tuna kasuku." Wakacheka. Mama naye akacheka, Mama ambaye sikumbuki kama alicheka siku nyingine mwaka ule. Na mimi, mjinga, nikaona nimefanya kitu kizuri, nimewachekesha watu wenye njaa. Nikalirudia kesho yake. Juma halijaisha, avenue yetu yote, mtaa mzima, ilimwita Kasuku. Watoto walimweka katikati yao: "Kasuku!" Naye: "Kasuku!" Akawa analigeukia jina lile haraka kuliko lake la kweli, maana jina la kweli halikutajwa tena. Nimewahi kujiambia kwamba nilikuwa kijana, kwamba ni mzaha wa nyumbani. Upuuzi. Nilijua kwamba kasuku hajibu, na nilijua kwamba Sifa, kila jioni, ananijibu.

Kisha ikaja siku ya barieri, kizuizi cha askari barabarani. Tulikuwa tunatoka shamba, wote watatu, na mafungu ya sombe kichwani. Askari mmoja, kijana mwenye macho mekundu, akamwonyesha Sifa kidole. "Wewe, uko nani?" "Wewe, uko nani?" Mama akaanza kusema haraka haraka, mkubwa, huyu mutoto ni mugonjwa, umuhurumie. Askari hakumsikia. "Unanicheka?" "Unanicheka?" Akamzaba kofi. Sifa hakulia. Alimtazama yule askari kifuani, kwenye vifungo, kisha akainua mkono wake mdogo, taratibu, kuurudisha ule mchezo kama alivyoupokea. Mama alitupa mzigo wake akaudaka ule mkono ukiwa bado hewani. Akapiga magoti kwenye vumbi huku ameushika, anausukuma kifuani mwake, anasema samahani, samahani, samahani, na Sifa anasema samahani, samahani, samahani. Wale wengine kwenye barieri wakacheka, wakatuachia tupite. Mama hakuokota sombe. Njia yote hakuachia ule mkono, na usiku ule kifundo cha Sifa kilikuwa na alama za vidole vya Mama, si vya askari.

Mama hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya, ingawa nilimkasirikia mpaka akafa, na sasa amekufa bado nina hasira naye. Alikuwa ameelewa kwamba siku nyingine askari hawatacheka. Alianzia hospitali. Muuguzi mmoja mwenye haraka, na mistari ya majeruhi mlangoni, akapiga makofi mara mbili nyuma ya kichwa cha Sifa. Sifa akapiga makofi mara mbili. "Anasikia," akasema yule muuguzi. "Ulimi iko. Masikio iko. Hana kitu, mama. Mambo kama hii ni ya watu wa maombi." Hayo ndiyo yote aliyopimwa mdogo wangu. Makofi mawili! Siwezi kumlaumu yule muuguzi kwamba hakujua, hakuna aliyemfundisha. Namlaumu kwamba alisema. Mtu asiyejua anaweza kunyamaza, na angenyamaza, Mama angerudi nyumbani.

Chumba cha maombi kilikuwa nyuma ya ghala la mchele lililobaki tupu, mabenchi ya mbao, turubai juu, joto la kuchemsha maji. Mchungaji alikuwa na shati safi na sauti ya upole. Ile sauti ninaichukia mpaka leo, ningeitambua sokoni kati ya watu elfu. Alimwita Sifa mbele, akainama, akamwambia, "Sema, mwanangu, usiogope. Sema: mimi ni mulozi." Na Sifa, wazi kabisa, bila kukwama, akasema, "Mimi ni mulozi." Wanawake wakapiga kelele, mchawi amekiri. "Sema: mimi njo nilifunga njia ya treni." "Mimi njo nilifunga njia ya treni." Mama weee! Watu walisimama juu ya mabenchi. Njaa yote ya Kindu, chumvi, mchele, barua zisizofika, vyote vikapata mwenyewe, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akienda kila asubuhi kuingojea treni ile ile. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa benchi la tatu. Ningeweza kusema, mchungaji, mwambie aseme yeye ni malaika, atasema. Ningeweza kusema neno moja tu, "Kindu", na chumba chote kingemsikia akijibu. Sikusema. Niliogopa kwamba wataniangalia mimi. Mchungaji akaamuru abaki pale siku saba, bila chakula, maji jioni tu, pamoja na watoto wengine wawili ambao wazazi wao nao walikuwa wamewaleta. Mama aliniambia tuondoke tusigeuke nyuma. Niligeuka. Sifa alikuwa anapanga kokoto kwenye benchi, kubwa kwa ndogo.

Siku ya nne, asubuhi, risasi zilianza kulia upande wa uwanja wa ndege. Watu wote wakakimbilia mtoni. Mimi na Mama tulikimbia kinyume, kuelekea chumba cha maombi, watu wakitugonga mabega, na tulipofika turubai lilikuwa limeanguka na mabenchi yako matupu. Mchungaji alirudi baada ya majuma mawili. Alikuja nyumbani, shati lake safi, akakaa kwenye kiti chetu, akasema mtumbwi waliopanda ulijaa mno, ulipinduka chini ya mji, na Sifa hakuonekana tena. "Mto umeosha nyumba yenu, mama," akasema. Umeosha! Mama alikubali. Alikata nywele, akaketi chini siku za matanga, akaondoa sahani yenye ukingo wa buluu, na tangu siku hiyo mpaka kifo chake hakutamka jina la mtoto wake, wala hakukubali mtu alitamke.

Mimi sikukubali. Kulikuwa na watu waliokuwa wanaandika majina ya watoto waliopotea, kila mahali walikokimbilia wakazi wa mji, na orodha zao zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi za komini, yaani tarafa za mji. Kindu ina komini tatu: Alunguli ng'ambo ya mto, Mikelenge kwetu, na ile ya katikati ya mji, inayoitwa Kasuku. Nilizisoma zote, mara mbili kwa juma, miezi mingi. Nilipita na kidole mstari kwa mstari nikitafuta herufi nne, Sifa. Kwenye orodha ya watoto waliokuwa Lokandu, kule chini ya mto, kulikuwa na mstari huu, ninaukumbuka hata karatasi yake ilivyojikunja pembeni: "Msichana, miaka minane mpaka kumi, jina halijulikani, kwao Kasuku." Niliusoma. Sikuusoma mara moja, niliusoma labda mara ishirini, na kila mara nilimhurumia yule mtoto wa Kasuku asiye na jina, nikajiuliza watu wake wa kule wako wapi, wamelala? Kisha kidole changu kikashuka mstari wa chini yake. Mvua za mwaka uliofuata ziliichakaza ile karatasi. Sikuelewa chochote. Nilikuja kuelewa mwezi uliopita, kwenye benchi.

Ofisi aliyopewa yule daktari ilikuwa ya kuta nyembamba za mbao, na mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto. Nje, kwenye benchi, mama na watoto wao. Daktari ni msichana tu, amempita Feza miaka michache, nywele za kusuka, na alikaa chini sakafuni mbele ya Plamedi kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Alimpa vipande vya mbao, Plamedi akavipanga kwa urefu. Alipuliza mapovu ya sabuni. Alimwita jina, mara nyingine kwa kunong'ona, na kila kitu akakiandika. Kisha akashika kikombe. "Plamedi, unataka maji?" "Unataka maji?" akasema Plamedi. Daktari akampa kikombe, mtoto akanywa yote. "Mumeona?" akatuambia. "Amesema ndiyo. Kwake yeye, kurudilia njo kujibu. Kama hataki, atanyamaza." Feza akaanza kulia kwa furaha. Mimi nilitaka kumpiga yule msichana. Kweli kabisa, damu ilinipanda kichwani. Jambo lenyewe ndilo hilo? Kikombe cha maji na dakika moja? Mama alimwuliza Sifa kama anataka wali, Sifa akasema "Unataka wali?", Mama akampakulia, akala. Tulikuwa tunajua! Nyumbani kwetu tulijua hivyo kila siku ya Mungu, kisha tukaenda kuwauliza watu wasiojua.

Daktari alikuwa amefika kwenye maswali ya familia. "Katika familia yenu iko mutu mwingine mwenye alikuwa vile?" "Hapana," akasema Feza. "Iko," nikasema mimi. Feza akanigeukia. Nikasema nina mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, anaitwa Sifa. Nilisikia sauti yangu inapanda na sikuizuia. Nilisema yote, ukoko, barieri, benchi la tatu. Nilimwimbia daktari vile vituo, Kindu, Kibombo, Samba, Kongolo, Kabalo, nikamwambia kwamba alikuwa akijibu, akijibu vizuri, na kwamba mimi, dada yake, ndiye niliyemwita Kasuku mbele ya watu. Feza alikuwa ameshika mdomo. Daktari aliweka kalamu chini mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza kwa adabu, "Mama, niandike alikuwa, ao iko?" Nikamwambia aandike anachotaka, mto umemchukua. Aliandika karatasi ya Plamedi. Alisema ni otisme, na kwamba Kiswahili cha vitabu kinauita usonji, kwamba si pepo wala ukaidi, kwamba shule inaweza kumpokea ikimfundisha hivi na hivi. Nikamwambia aandike jina lote la mtoto, na la baba yake, kwa herufi kubwa, wala asifupishe.

Tulipotoka, mama mmoja alisimama kwenye benchi. Alikuwa amemleta mtoto wa dada yake, na karibu na miguu yake kulikuwa na kikapu cha samaki wa moshi. Alisema anaitwa Riziki, ni mfanyabiashara, kwao Lokandu. "Mama, unisamehe, nimesikia kupitia ukuta. Ile wimbo ya vituo, nani alikufundisha?" Nikamwambia kwa ukali ni wa mdogo wangu. "Kwetu iko mutu mwenye anaimba ile," akasema. Nikakaa chini. Alinieleza polepole, akiona jinsi nilivyokuwa. Wakati wa vita yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Mtumbwi mmoja kutoka Kindu ulipinduka, baba yake akawaokota watu watatu, wote watoto: wawili waliokuwa wanazungumza na mmoja aliyekuwa anarudilia. Wazazi wa wale wawili wakawakuta, wakaendelea nao mpaka Ubundu. Lakini kabla hawajaondoka alikuja bwana wa kuandika watoto waliopotea. Alimwuliza yule wa tatu, "Jina lako nani?" Akajibiwa, "Jina lako nani?" Akawauliza wale wenzake. "Huyu? Kasuku," wakasema, maana pale kwenye maombi hawakusikia jina lingine. "Wa Kasuku?" "Ndiyo, Kasuku." Naye akaandika. "Sisi pia tulifikiri ni wa kule," akasema Riziki. "Tulingoja watu wa Kasuku waje. Hakuna alikuja. Baba akasema basi, akae."

Nikamwuliza amezikwa wapi. "Kuzikwa?" akasema Riziki. "Aka, mama! Hii samaki yote, njo yeye anaipanga."

Karatasi ilipelekwa shuleni siku hiyo hiyo. Jumapili mama mkwe wa Feza alikuja na mfuko wa nguo za mtoto tayari, nikamsomea karatasi mlangoni, kila neno, nikiwa nimesimama katikati ya mlango. Alisema karatasi haizidi Mungu. Nikamwambia kwamba Mungu anamjua Plamedi tangu tumboni, ni sisi ndio tulikuwa hatumjui, na kwamba anaweza kuingia kula wali au anaweza kwenda zake. Alikwenda zake. Juma lililofuata Riziki alinipakia kwenye mtumbwi wake wa mota, nikashuka mto ule ule ambao kwa miaka hii yote nilikuwa nikichota maji yake bila kuutazama.

Lokandu wote wanamwita Kasuku. Hawana ubaya, walimpa wali, walimpa mahali, hakuna aliyemfungisha njaa wala kumfanya aseme yeye ni nani. Wageni kabisa! Nililifikiria hilo njia nzima kutoka ufukoni, na sikujua nimpige nani. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye vichanja vya kukaushia, mwanamke mkubwa mwenye mgongo mpana wa Mama, anapanga samaki kwa urefu, kubwa kwa ndogo, na mstari umenyooka. "Mwite Kasuku, ataitika," Riziki akaninong'oneza. Sikumwita hivyo. Nikasimama upande wa pili wa kichanja. "Sifa," nikasema. "Sifa," akasema, bila kuinua macho. Na sikuweza kujua. Lilikuwa jina lake, au lilikuwa neno langu tu linalorudi? Nilisema tena. Likarudi tena, sauti yangu hasa, na kutetemeka kwake.

Nikavuta kigoda, nikakaa. Moshi ulikuwa unaniingia machoni. Nikasema, "Kindu."

Mikono yake ikasimama juu ya samaki.

"Kibombo," akasema.

Nililia, nililia vibaya, kwa kelele, na Riziki alitaka kuja kunishika nikamkataza kwa mkono. Sifa alingoja. Alihamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama zamani kando ya kitanda, akanitazama mahali pa kifua, kwenye vifungo, na alipoona sisemi akakasirika. "Kibombo!" akaniambia, kwa sauti ya juu, na akapiga kichanja kwa kiganja. Ilikuwa zamu yangu. Miaka yote hii ilikuwa zamu yangu.

"Samba," nikasema.